Maji Kujaa na Kupwa: Elimu ya Bahari katika Mji wa Ziwa

Mtoto wa Bujumbura aketipo darasani na kufundishwa habari za bahari, huambiwa kwamba maji yake hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na ya kuwa mwezi ndio uyavutao. Mtoto huyo yuko mbali na Bahari ya Hindi kwa zaidi ya kilomita 1,000. Walakini nje ya shule yake yapo maji mengi, yenye mawimbi na mchanga na vyombo na samaki, na siku ya ukungu ng'ambo yake haionekani. Mtoto mwenye akili hushuka ufukweni kwenda kuyapima yale aliyoambiwa. Husimika kijiti mchangani asubuhi, hurudi jioni, na kijiti kingali palepale na maji yangali palepale. Basi ama atasadiki kwamba kitabu kimesema uongo, ama atasadiki kwamba ziwa la kwao ni jambo dogo lisilostahili kutajwa kitabuni. Fikira zote mbili ni mbovu, na hii ya pili ndiyo mbovu zaidi, kwa maana hudumu moyoni hata baada ya mtihani kwisha.

Elimu ya bahari iliufikia mji huu kwa njia mbili, wala njia hizo mbili hazikukutana upesi. Ya kwanza ni njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kupitia Tabora hadi Ujiji, ikichukuliwa na watu wa pwani katika vichwa vyao na katika lugha yao. Ya pili ni njia ya shule za Kizungu, iliyokuja na vitabu. Na katikati ya njia hizo lipo ziwa lenyewe, Tanganyika, ambalo liliwashangaza watu wa pwani kwa kuwa halipwi, kisha likawashangaza wataalamu wa Ulaya kwa kuwa na wanyama waliofanana na wa baharini.

Yafaa kwanza kuitazama ile elimu ya pwani, kwa sababu watu wengi wa leo huidhania kuwa ni mazoea tu ya wavuvi. Mtu wa Unguja au wa Pemba au wa Lamu hakuhitaji kitabu kumwambia maji yatajaa saa ngapi. Aliitazama tarehe ya mwezi. Alijua kwamba mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, siku moja au mbili baadaye maji hujaa sana na kupwa sana, na hilo ndilo bamvua. Alijua kwamba mwezi uwapo nusu, maji hayaendi mbali wala hayaji juu, nayo huitwa maji mafu. Alijua pia kwamba saa ya kujaa husogea mbele kila siku, na vipimo vya leo vyasema husogea kiasi cha dakika 50. Kwa hesabu hiyo aliyoishika kichwani alipanga kazi zake zote: siku za kwenda mwambani kutafuta pweza, siku za kutega uzio, saa ya kuingia mlangoni mwa bandari, na siku ya kulipandisha jahazi pwani wakati wa bamvua ili maji yakiliacha mafundi watie kalafati. Huko Unguja tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa siku za bamvua hukaribia mita 4. Hicho ni kimo cha nyumba, nacho huja na kuondoka mara mbili kwa siku.

Sababu ya jambo hilo ilitafutwa na wanavyuoni zamani. Abu Ma'shar wa Balkh, aliyefariki mwaka 886, aliandika kwa kirefu jinsi maji ya bahari yanavyofuata mwendo wa mwezi, na kazi yake ilipofasiriwa kwa Kilatini ilisomwa Ulaya kwa karne nyingi. Al-Mas'udi, ambaye mwenyewe alisafiri katika bahari ya Zanji na kuondoka Qanbalu kwenda Omani mwaka 304 wa Hijra, alikusanya kauli mbalimbali za watu juu ya kujaa na kupwa; wengi huidhania Qanbalu kuwa ni Pemba. Al-Biruni naye, katika kitabu chake juu ya Uhindi, alieleza jinsi watu wa Somnath walivyoyahusisha maji hayo na mwezi. Wote hawa walijua ni nini kifuatacho nini, lakini kwa nini mwezi uwe na nguvu hiyo hawakuweza kuonyesha. Ilimbidi mlimwengu angoje hata mwaka 1687, alipotokea Mwingereza Isaac Newton na kanuni yake ya mvuto. Mwezi huyavuta maji yaliyo upande wake zaidi kuliko uivutavyo dunia yenyewe, na huyavuta yaliyo upande wa pili kwa nguvu kidogo zaidi kuliko dunia. Kwa hiyo maji huvimba pande mbili, na dunia izungukapo, kila pwani hupita katika mavimbe hayo mawili. Jua nalo huvuta, ila nguvu yake haifiki nusu ya ile ya mwezi. Vivutapo katika mstari mmoja, hapo ndipo bamvua.

Hapa ndipo jibu la yule mtoto na kijiti chake. Nguvu hii hutokana na tofauti ya mvuto baina ya mahali na mahali, na ili tofauti iwe kubwa yatakikana maji yaenee maelfu ya kilomita. Ziwa Tanganyika, ijapokuwa lina urefu wa kilomita zipatazo 670, ni dogo mno kwa kazi hiyo. Mwezi hulivuta kama uivutavyo bahari, lakini hulivuta karibu sawasawa toka Bujumbura hadi Mpulungu, na kinachobaki ni kidogo hata jicho haliwezi kukiona katikati ya mawimbi.

Watu wa pwani walipoifikia Ujiji katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, walikuta maji wasiyoyajua kwa jina jingine ila bahari. Katika Kiarabu neno bahr hutumika kwa maji makubwa ya chumvi na hata kwa maji makubwa matamu, wala msemaji hakosei. Lakini sifa hiyo ya neno ilizaa taabu. Wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, waliokaa pwani na kuwauliza wasafiri habari za bara, walichora ramani iliyotangazwa Ulaya mwaka 1856, na ndani yake waliweka bahari moja kubwa ajabu, yenye umbo kama la konokono asiye na nyumba, ikiyameza pamoja maziwa ya Tanganyika, Nyanza na Nyasa. Wajuzi wa London waliicheka, kisha wakatuma watu kwenda kuiangalia. Richard Burton na John Speke walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858 wakiongozwa katika njia ambayo wenye misafara waliipita tangu zamani.

Pamoja na watu wa pwani yalikuja maneno ya chombo: jahazi, tanga, mlingoti, nanga, nahodha. Yote yalipata kazi ziwani, na mengi yangali yakitumika katika mialo ya Burundi. Lakini bamvua na maji mafu yalifika Ujiji yakakosa kazi. Mtu aliyezoea kuhesabu siku za mwezi kwa ajili ya bahari, sasa alizihesabu kwa ajili ya funga na Idi na miezi mitukufu tu. Watoto wake waliozaliwa kando ya ziwa waliyasikia maneno hayo kwa wazee. Wajukuu wao, waliohamia Usumbura baada ya Wajerumani kujenga boma lao hapo mwaka 1897, hawakuyasikia kabisa. Lugha ilibaki, na ndani yake chumba kimoja kikafungwa. Hata leo katika Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili chake ni cha kuzaliwa nacho, ni nadra kumpata kijana ajuaye tofauti ya bamvua na maji mafu, hali mwenzake wa Mkokotoni aijua kabla hajajua kusoma.

Si kwamba ziwa halikuwahi kupwa. Lilipwa mara moja, na watu walioishuhudia habari hiyo walikuwa hai bado mwanzoni mwa karne ya 20. Wakati Henry Stanley alipokutana na David Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, jambo lililowasumbua wajuzi lilikuwa mto Rusizi: je, unatoka ziwani kwenda Nili, au unaingia? Wenyeji wa Uvira walikuwa wamekwisha kuwaambia Burton na Speke mwaka 1858 kwamba unaingia. Livingstone na Stanley walikwenda kwa mtumbwi mpaka kaskazini mwa ziwa mwezi wa Novemba 1871, wakaona kwa macho yao maji ya Rusizi yakiingia. Ikabaki kuuliza: maji yote hayo hutokea wapi? Verney Cameron aliukuta mlango wa Lukuga mwaka 1874, upande wa magharibi, na Stanley aliufikia mwaka 1876 akaukuta umezibwa na matete na tope. Miaka hiyo ziwa lilikuwa likipanda. Kingo zilimezwa na miti ilikuwa imesimama majini. Kisha, yapata mwaka 1878, kizuizi kikavunjika. Edward Hore, baharia aliyetumwa Ujiji na chama cha wamisionari cha London, alikwenda Lukuga mwaka 1879 akaona maji yakikimbia kwa nguvu kuelekea Kongo.

Ziwa likashuka. Likashuka mwaka baada ya mwaka, kwa kiasi cha mita 10 hivi, hata mwishoni mwa karne. Pwani ya Ujiji ikasogea, na palipokuwa maji pakawa mashamba; ndiyo maana anayekwenda leo kulitazama jiwe la ukumbusho wa Livingstone na Stanley huliona liko mbali na maji, akashangaa. Kwa mtu wa pwani hilo lilikuwa kupwa kusiko na kujaa. Na katika uwanda ulioachwa wazi na maji upande wa kaskazini, baina ya Rusizi na milima, sehemu za chini za mji wa Bujumbura zilikuja kujengwa baadaye.

Sasa ije ile habari ya wanyama, ambayo ni ya ajabu kuliko hiyo.

Speke alirudi Ulaya na makome machache aliyoyaokota kando ya ziwa, na mwaka 1859 mtaalamu Samuel Woodward aliyaeleza kwa wenzake. Yalikuwa mazito na magumu, hayakufanana na konokono wepesi wa mito na vinamasi. Hore naye alipeleka mengine, na mwaka 1880 Edgar Smith wa jumba la makumbusho la London alimpa mmoja wao jina la Hore: ni konokono mwenye miiba mirefu pande zote, ambaye mtu akimwona mezani bila kuambiwa atokako ataapa kuwa ni wa baharini. Kisha mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm akaona majini kitu ambacho hakikutarajiwa kabisa: konyeza, ambaye wengine humwita yavuyavu. Kila mtu wa Pwani amjua konyeza, kwa kuwa amewasha ngozi za waogeleaji wengi. Huyu wa ziwani ni mdogo, upana wake kama sentimita 2, mwangavu kama kioo, wala hamdhuru mtu. Lakini ni konyeza kwelikweli, akipunga mwili wake katika maji matamu yaliyo juu ya usawa wa bahari kwa mita zaidi ya 770.

Amewezaje kupanda huko? Swali hilo ndilo lililomleta Mwingereza J. E. S. Moore mara mbili, mwaka 1895 na mwaka 1899, na jibu lake alilitoa mwaka 1903 katika kitabu kizima juu ya fumbo la Tanganyika. Moore alisema kwamba ziwa hili ni kipande cha bahari ya kale, bahari ya zama za Jurasiki, iliyoingia bara na kunaswa humo nchi ilipoinuka. Maji yake yakawa matamu polepole, na wanyama wake wakajizoeza. Ilikuwa kauli nzuri na yenye kuvutia, na kwa miaka kadhaa magazeti ya elimu hayakuwa na zogo jingine kuhusu Afrika ya Kati. Lakini uzuri wa kauli si ushahidi wake. Mwaka 1904 akaja William Cunnington, akakusanya viumbe kwa wingi zaidi, na hitimisho lake likawa kinyume: ziwa halikuwa bahari kamwe. Kwa kuwa limejitenga muda mrefu sana, viumbe vyake vimejibadilisha humohumo mpaka vikapata sura za baharini.

Uchunguzi wa baadaye umempa Cunnington haki. Ziwa hili lilizaliwa kwa kupasuka kwa ardhi katika lile bonde kuu lipitalo Afrika ya Mashariki, na umri wake hukadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12, nao haufiki hata robo ya ule ambao kauli ya Moore iliuhitaji. Konokono wake wana nyumba nzito kwa sababu wanaishi pamoja na kaa wenye magando makubwa wanaovunja makome. Kadiri kaa alivyopata gando lenye nguvu, ndivyo konokono mwenye ukuta mnene alivyosalimika na kuzaa. Ni vita vya miaka mingi mno, na vimezaa silaha zilezile ambazo vita vya namna hiyo huzizaa baharini. Kwa samaki ndiyo zaidi: ziwa lina aina zipatazo 250 za samaki wa jamii moja na perege, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Mkubwa wao wote, na mkubwa wa jamii hiyo ulimwenguni, ni kuhe, ambaye wapishi wa Bujumbura wamjua kwa sifa nyingine.

Hata hivyo Moore hakushindwa kila mahali, na hili ndilo linalostahili kuambiwa watoto, kwa kuwa linahusu chakula chao cha kila juma. Ndagala, dagaa wa Tanganyika, si wa jamii ya samaki wa mitoni. Ni wa jamii ya saradini, ndugu wa dagaa wanaoanikwa Mafia na Unguja. Ni aina mbili, na zote mbili asili yake ni baharini. Uchunguzi wa chembe za urithi uliotangazwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wazee wao hawakutoka Bahari ya Hindi, iliyo karibu, bali waliingia mito ya Afrika ya Magharibi kutoka bahari ya upande ule, yapata miaka milioni 25 hadi 50 iliyopita, wakati ambapo ziwa hili halijakuwapo. Vizazi vyao vilisafiri kwa mito ya Kongo hatua kwa hatua mpaka vikaifikia Tanganyika. Basi bahari haikuja ziwani; samaki wake ndio waliokuja, kwa miguu ya maji, safari ndefu kuliko ya msafara wowote wa Bagamoyo.

Wabelgiji walipoichukua Usumbura mwaka 1916, elimu ya ziwa ilikuwa imekwisha kuwashughulisha. Daktari Louis Stappers alilizunguka ziwa katika miaka ya 1911 hadi 1913 akipima vina na kukusanya samaki, na mmoja wa samaki hao alipewa jina lake katika vitabu vya elimu. Samaki huyo ni mukeke. Wengi wanaomla kando ya ziwa kwa ugali na ndimu hawajui kwamba jina lake la kitaalamu ni la mganga wa Kibelgiji. Mwaka 1946 na 1947 msafara mwingine, ukiongozwa na Eugène Leloup, ulilipima ziwa kwa vyombo vipya, na baada yake kikaanzishwa Uvira kituo cha kudumu cha utafiti wa maji. Uvira huonekana kutoka Bujumbura siku ya anga safi. Katika kituo hicho wataalamu walijua ya kwamba chini ya mita 100 hadi 200 na kidogo maji ya ziwa hayana oksijeni, wala hakiishi humo samaki yeyote, ijapokuwa kina chake hufika mita 1,470 na hakuna ziwa linalolipita kwa kina duniani ila Baikal la Urusi.

Maarifa hayo yote yalipatikana mbele ya mlango wa Usumbura, lakini hayakuingia darasani mwa Usumbura. Na kwa Waislamu wa mji kulikuwa na ukuta wa pili. Katika Ruanda-Urundi serikali ya Kibelgiji iliziachia misheni sehemu kubwa kabisa ya shule, ikizipa fedha, na mzazi Mwislamu aliyempeleka mwanawe huko aliogopa kumpata akiwa na jina jingine na dini nyingine. Wengi walisita, na hofu yao haikuwa ya kipuuzi. Watoto wakabaki na chuo cha Kurani peke yake, na chuo kiliwapa kilicho chake: herufi, adabu, ibada na hesabu ya mwezi. Lakini hesabu, jiografia na elimu ya viumbe vilibaki upande wa pili wa ukuta, pamoja na vyeti vilivyofungua milango ya ofisi. Ni kuanzia mwaka 1954, Auguste Buisseret alipokuwa waziri wa makoloni, shule za serikali zisizofungamana na dini zilipoanza kupewa nguvu, ndipo mlango ulipofunguka kidogo; na uhuru wa tarehe 1 Julai 1962 uliukuta mtaa wa Buyenzi una wafanyabiashara wengi, madereva wengi, mafundi wengi, na wasomi wachache sana. Hasara hiyo ililipwa na vizazi viwili.

La kusikitisha ni kwamba vile vipande viwili vya elimu vilihitajiana. Mwalimu wa shule alifundisha kujaa na kupwa kwa bahari kwa mifano ya pwani ya Ulaya, naye hakujua kwamba mle darasani wamo wajukuu wa watu walioishi kwa hesabu hiyo. Maalimu wa chuo alifundisha miandamo ya mwezi, naye hakuambiwa kwamba mwezi huohuo ndio unaotawala soko la samaki hatua chache kutoka msikitini.

Kwa maana mwezi unatawala ziwani pia, ila kwa njia nyingine. Vidudu vidogo vielevyo majini hukaa chini mchana kwa kuogopa kuonekana, na usiku hupanda juu kula. Ndagala huwafuata, na mukeke huwafuata ndagala. Mvuvi akiweka taa juu ya maji usiku wa giza, vidudu na ndagala hukusanyika chini ya mwanga, naye huinua wavu. Zamani taa hiyo ilikuwa moto wa kuni katika mtumbwi, na wavu ulikuwa wa mkono, uitwao lusenga. Katika miaka ya 1950 ikaja karabai, ukaja na mtindo wa kuunganisha mitumbwi kwa miti na kushusha wavu mpana katikati yake. Na miaka hiyohiyo Wagiriki wa Usumbura walianza kuvua kwa meli na nyavu za kuzungushia, uvuvi ambao ulififia katika miaka ya 1990. Lakini taa yoyote ile, iwe ya kuni, ya mafuta au ya betri za siku hizi, hushindwa na mwezi mpevu. Mwezi ukiwa mpevu maji yote huwa na mwanga, samaki hutawanyika, na wavuvi hukaa nyumbani wakishona nyavu. Kwa hiyo bei ya ndagala katika soko la Bujumbura hupanda na kushuka kwa tarehe za mwezi. Hilo ndilo bamvua la ziwa, na maji mafu yake, na mama yeyote auzaye samaki alijua kabla ya mwalimu.

Tena yapo maji yanayokwenda na kurudi hata ziwani, ila hayaonekani. Kuanzia Mei hata Septemba upepo wa kusi huvuma kwa urefu wa ziwa. Huyasukuma maji ya juu yenye vuguvugu kuja upande wa Burundi, na kule kusini maji baridi ya kilindini, yenye mbolea, hupanda mahali pake. Upepo ukikoma, maji hayo mazito huanza kuyumba huko chini kama maji ya beseni lililoinuliwa upande mmoja na kutuliwa ghafla; hupanda na kushuka makumi ya mita gizani, na mwendo mmoja wa kwenda na kurudi huchukua wiki kadhaa. François-Alphonse Forel wa Uswisi ndiye aliyekuwa bingwa wa kuyumba huku kwa maji, akilitazama ziwa la Geneva katika karne ya 19. Mbolea inayoinuliwa hivyo huwalisha vidudu, na vidudu huwalisha ndagala.

Ndiyo sababu habari iliyotangazwa na wataalamu mwaka 2003 iliwatia hofu waijuao kazi hiyo. Maji ya juu ya ziwa yamezidi kupata joto katika karne ya 20, na maji yenye joto ni mepesi, hukataa kuchanganyika na ya chini. Upepo uleule hupata kazi ngumu zaidi, na mbolea kidogo zaidi hupanda. Walikadiria kwamba chakula kinachozaliwa majini kimepungua kwa kiasi cha asilimia 20, na kwamba samaki wamepungua kwa asilimia kama 30. Nyavu zikiongezeka huku maji yakipunguza riziki, mwisho wake waweza kuhesabiwa na mtoto wa darasa la nne. Nchi nne zenye ziwa, Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia, zilitia sahihi mapatano ya kulihifadhi mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyotokana nayo ina makao yake Bujumbura. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti.

Shuleni mambo yamebadilika kwa kiasi. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kikaingia katika masomo ya shule za msingi. Mwaka 2013 elimu ya msingi ikapangwa upya kuwa ya miaka tisa. Mtoto wa Buyenzi sasa aweza kusoma darasani lugha ya bibi yake. Lakini neno bamvua akilikuta katika kitabu kilichopigwa chapa Nairobi au Dar es Salaam, atahitaji mtu wa kumweleza, na mtu huyo aweza kuwa karibu kuliko anavyodhani.

Ama kijiti cha yule mtoto mchangani, hakikuwa kazi bure. Aliking'oa mapema mno. Angekiacha mwaka mzima angeona maji yakipanda pamoja na mvua mpaka Aprili au Mei, kisha yakishuka mpaka Oktoba au Novemba, kwa kiasi kisichofika mita moja. Angekiacha toka mvua kubwa za 1961, angekikosa mwaka 1964, kwa kuwa ziwa lilipanda hata likazifurikisha kingo za Bujumbura. Na kama kingesimikwa Gatumba miaka michache iliyopita, kingemezwa vilevile: mwezi wa Aprili 2020 Rusizi ilifurika, mwaka 2021 ziwa lenyewe likaingia majumbani, na mwaka 2024 maji yakakaribia tena alama ile ya 1964. Familia nyingi zilihamia kambini na vitu vyao vichache, na miongoni mwao walikuwamo watoto wa shule, ambao madarasa yao yalisimama ndani ya maji.